Waranti ya Gari la Desanka

Desanka aliponunua gari jipya, mtaa mzima ulijua kabla halijafika, maana alishalitangaza dukani, kanisani na kwa mshona viatu. Gari lenyewe dogo tu, rangi ya aprikoti iliyoiva, lakini ungemwona ungedhani kanunua treni. Siku ya kwanza aliliendesha kwenda kununua mkate, na duka la mkate liko chini ya ghorofa anayokaa. Alilizunguka jengo zima, akarudi palepale alipotoka, akashuka na mkate kwapani, meno yote nje.

"Shoga, umetoka wapi?" Smiljka wa ghorofa ya chini alimuuliza dirishani.

"Dukani!"

"Duka si hili hapa?"

"Ndiyo, lakini nimelifikia kwa nyuma!"

Wakacheka mpaka Smiljka akashika mbavu. Furaha ya Desanka ilikuwa ya kuambukiza wiki ile, asikwambie mtu. Alikuwa amepika shuleni maisha yake yote, amestaafu, na hilo lilikuwa gari lake la kwanza alilolichagua mwenyewe.

La zamani lilikuwa la marehemu mumewe, Vukasin, fundi wa kiwanda cha magari kama wanaume wote wa mji wetu. Lile gari, Mungu anisamehe, lilikula pita ya jibini, ule mkate wetu wa matabaka, kuliko petroli. Kila Jumapili liko uani, boneti wazi, na wanaume wameinama wametuacha na makalio yao tu. Kiongozi wao alikuwa Sreten, mdogo wake Vukasin, kapera mpaka leo. Juu ghorofani Desanka anakanda unga, anapika supu, anaviringisha nyama kwenye kabichi, maana mtu aliyekutengenezea gari huwezi kumwambia nenda na njaa yako. Vukasin akafa, tukamzika, tukalia. Jumapili iliyofuata Sreten na wenzake hao uani, eti wamekuja kuliangalia gari. Na Desanka akakanda unga.

Sasa, alipokwenda kulichukua hilo la aprikoti, kijana wa duka la magari, Lazar, kijana mpole mwenye tai, alimwekea karatasi mezani.

"Mama, waranti ya miaka miwili imo ndani ya bei. Ukiongeza kidogo, unapata mitano. Kitu kikiharibika unapiga simu, tunakuja kulichukua, tunakupa jingine la kutembelea. Sharti ni moja tu. Asiliguse fundi mwingine."

"Asiliguse mtu?"

"Asiliguse mtu."

"Hata shemeji?"

"Hasa shemeji," alisema Lazar, naye ni mtoto wa mjini hapa.

Desanka nusura ambusu. Miaka mitano! Miaka mitano ya Jumapili bila unga, bila kuosha sahani zenye alama za vidole vya grisi! Na zaidi ya hapo, bintiye Jagoda ameolewa mji wa Bar, kule Montenegro, pembeni kabisa ya bahari, na Desanka hajawahi kuendesha mwenyewe kwenda kwake. Kila akitaka kwenda, Sreten analizunguka gari la Vukasin, anatikisa kichwa, anasema, "Shemeji, hili halivuki mlima." Huyo Sreten alikuwa na funguo za safari ya mwanamke mzima, na yeye mwenyewe hakujua.

Lazar akamwambia akafikiri, karatasi ni ndefu, aje Jumatatu na jibu. Lakini Desanka alifika nyumbani ameshaamua. Alimwambia kila mtu ameshaamua, isipokuwa Sreten.

Ikaja Jumapili ya kulinywesha gari. Huku kwetu gari jipya lisiponyweshwa rakia, pombe yetu kali ya matunda, haliendi mbali, hata wasioamini Mungu wanaliamini hilo. Sreten akaja na chupa, jirani Radomir akaja na chupa, na wengine nao wakaja na za kwao. Tone kwenye tairi, tone kwenye boneti, na iliyobaki ikaenda mahali pake panapojulikana. Smiljka akaanza kuimba. Desanka akacheza, kweli akacheza, na viatu vya nyumbani, akizunguka gari lake huku anapiga makofi. Kisha akapanda juu kuleta pita, akakuta simu inalia. Ni Jagoda. Unajua mama na binti wakianza kusemezana habari za bahari.

Aliposhuka na sinia, shuka lake jeupe lililokuwa kwenye kamba limetandikwa kwenye majani. Juu ya shuka kuna mfuniko wa injini, na nati zimepangwa safu. Miguu ya Sreten inaonekana chini ya gari.

Nieleze kidogo, maana si uhuni. Wanaume wetu walifunga magari kiwandani maisha yao yote, na wanajua kwamba Ijumaa jioni nati hufungwa na mtu mwenye haraka ya kwenda kunywa. Basi hawajawahi kuliamini gari jipya, hata litoke wapi. Huku gari jipya kwanza linakazwa. Kuacha kulikaza gari la jirani yako ni kama kwenda msibani ukaondoka bila kumpa mfiwa mkono. Kwa hiyo Desanka alipokuwa juu, hawakufikiri hata mara moja. Walimfanyia heshima.

"Mnafanya nini?!" Desanka akapiga ukelele mpaka njiwa wakaruka paani.

"Tunakaza, shemeji," sauti ya Sreten ikatoka chini, imejaa raha. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame!"

"Tokeni! Waranti yangu! Waranti yangu jamani!"

"Waranti?" Radomir akacheka, spana mkononi. "Jirani, waranti ni sisi!"

Hapo Desanka akaliweka sinia chini, akaweka mikono kiunoni, na yale ambayo hakuwahi kuyasema tangu aolewe yakatoka yote kwa mkupuo. "Ninyi? Ninyi waranti? Waranti gani inayokula? Nimewapikia mpaka vidole vimepinda! Jumapili zangu zote mmezitafuna na kabichi! Nilikuwa nakwenda kuongeza miaka mitano kesho, miaka mitano nisiwaone mmeinama uani kwangu, na sharti lilikuwa moja tu, asiguse mtu, moja tu, na ninyi hamkuweza kungoja hata pita iive!"

Sreten akatoka uvunguni taratibu, shavu jeusi la grisi, akakaa kwenye majani.

"Basi Jumapili tuwe tunakwenda wapi, shemeji?" akauliza.

"Nendeni kwenu!"

"Kwangu kuna televisheni tu," alisema Sreten.

Desanka akampa mgongo. Hasira ilikuwa bado imemkaba, na kusema kweli nani angemlaumu?

Wakaanza kurudisha kila kitu mahali pake, haraka na kwa aibu. Ndipo Radomir akaona balaa lenyewe. Kila nati ilikuwa imewekwa nukta ya rangi kutoka kiwandani, na nukta zote zilikuwa zimekatika spana ilipozungushwa. Kipofu tu ndiye asingeona kwamba gari limefunguliwa.

"Ngojeni," akasema Smiljka. Akaingia kwake, akatoka na chupa ya rangi ya kucha.

"Hiyo nyekundu," akasema Sreten. "Za kwao ni za njano."

"Kwenye injini nani ataona? Kuna giza mle."

Na baada ya rakia ile yote, wallahi rangi zilifanana. Wanaume wazima, vichwa vimeota mvi, wakapanga foleni wakipaka nati rangi ya kucha, mmoja baada ya mwingine, na Radomir katoa ulimi kwa umakini. Smiljka anasimamia: "Puliza, ikauke! Usipitilize!" Desanka alijitahidi kununa. Alijitahidi sana. Lakini Sreten alipoipulizia nati moja kama bibi harusi anavyopuliza kucha zake, kicheko kilimtoka kwa nguvu hadi akajikalia kwenye sinia. Pita ikaliwa hivyohivyo, bapa.

Jumatatu asubuhi akaenda duka la magari. Lazar akafungua boneti, akachungulia, akasimama wima, akachungulia tena. Akaondoka akaenda nyuma ya mlango, na Desanka akamsikia anacheka huko peke yake mpaka anakohoa.

"Mama," alisema aliporudi, akifuta macho kwa tai. "Zetu ni za njano."

"Mwanangu, nisamehe. Ni shemeji."

"Ni kila mtu, mama. Mwezi uliopita mzee mmoja kaniletea za kijani, rangi ya uzio wake." Akavuta kiti. "Usiogope. Wamegusa mifuniko ya nje tu, ndani hawajaingia, hapo hakuna neno. Bado unaweza kununua. Lakini kuanzia leo, mama, asiguse mtu. Safari hii kweli."

Akampa kalamu. Desanka akaishika, furaha ikampanda tena. Kumbe haijaharibika! Jumapili zake hizo hapo mezani, zinangoja jina lake tu.

"Niambie jambo moja," akasema. "Nikizima mlimani, mvua inanyesha, nani anakuja?"

"Unapiga namba hii. Unasikia sauti. Ukitaka msaada unabonyeza moja."

"Na huyo wa moja ni nani?"

"Ni mashine, mama. Nayo inakuunganisha na mtu."

"Mtu gani?"

Lazar akafikiri. "Inategemea na siku."

Desanka akaitazama karatasi. Akamwona Sreten kwenye majani, shavu jeusi. Huyo naye, asipokuwa na gari la kukaza, angebonyezwa na nani? Akimpigia Sreten saa yoyote, Sreten angetoka na soksi tofauti miguuni, angeamsha mtaa mzima, wangekuja mlimani na chupa na spana, wakibishana njia nzima. Hilo halina hata chembe ya shaka. Lakini ule unga! Zile sahani! Alikaa pale kalamu mkononi akiwa na hasira na huruma kwa pamoja, na ghafla akasimama na kuirudisha kalamu.

"Sinunui," akasema. "Ila nipe hii karatasi. Nataka kuona masharti yanavyoandikwa."

Jioni aliwaita uani, akapanda kwenye ngazi ya mlangoni, karatasi mkononi, miwani puani.

"Sikilizeni! Mlisema waranti ni ninyi. Haya, nimeongeza. Miaka mitano. Sharti la kwanza: nikizima popote, mnakuja. Mlimani, kwenye theluji, popote."

"Tunakuja!" wakaitikia, vifua mbele.

"La pili: kwenda baharini siombi ruhusa ya mtu. Sreten, umesikia?"

"Nimesikia, shemeji."

"La tatu: kuanzia leo mimi sipiki. Mkija kwenye gari langu, chakula mje nacho."

Hapo vifua vikarudi nyuma kidogo. "Chakula? Sisi?" aliuliza Radomir. "Nani atapika?"

"Hilo karatasi haisemi."

Wakatazamana. Kisha Sreten, Sreten asiyejua sufuria inafunguka upande gani, akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Pita," akasema, "unaanza na unga au na jibini?"

Jumapili iliyofuata walikuja saa yao ileile, Sreten amebeba sinia limefunikwa kitambaa. Uani palikuwa patupu. Akapiga simu.

"Shemeji, uko wapi?"

"Mlimani!" Desanka alikuwa amesimamisha gari pembeni ya barabara, anapiga kelele kuushinda upepo. "Nimevuka, Sreten! Nimevuka! Theluji bado ipo juu huku na jua linawaka! Nakwenda kwa Jagoda!"

"Limezima?"

"Halijazima!"

"Limechemsha?"

"Wala!"

"Breki?"

"Breki safi kabisa!"

Desanka akamsikia Radomir kwa mbali akiuliza, "Lina nini? Lina nini?" na Sreten akimjibu kwa sauti ndogo sana, "Halina kitu."

Kisha Sreten akarudi kwenye simu. "Nimeoka pita," akasema. "Chini imeungua kidogo. Lakini juu inalika."

Desanka alitazama barabara inavyoteremka mbele yake. Alikuwa na furaha ya kutaka kuruka, na bado akaiwazia ile pita iliyoungua. Anawapenda wazee wale wapuuzi, afanyeje?

"Sreten," akasema. "Ila kuna kamlio."

"Kamlio?" Sauti ikafufuka palepale. "Wapi?"

"Mbele. Kulia. Nikikata kona."

"Kuna mlio!" Sreten alipiga kelele kumwambia mtaa mzima. "Kulia, akikata kona! Si niliwaambia? Shemeji, usiguse kitu! Nenda polepole, msalimie Jagoda, Jumapili ijayo tuko hapa mapema!"

"Na chakula?"

"Tunakuja nacho, tunakuja nacho!"

Desanka akaweka simu mfukoni, akawasha gari, ambalo halikuwa na mlio wowote, akateremka kwenda baharini.