Kitabu cha Tano cha Mwanvua

Djafari alishusha mfuko mbele ya mlango, akazima pikipiki, na hakuvua kofia yake. Mwanvua alipoona hivyo akajua kwamba habari si nzuri. Dereva huyu ndiye aliyempelekea vitabu vyake Wamaza, Kabambare na hadi Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu. Siku zote alirudi Kasongo na mfuko mtupu, ameukunja chini ya kiti.

"Vimerudi, Mama," alisema.

"Vyote?"

"Karibu vyote. Na si kama hawakusoma. Wamesoma mpaka mwisho, kisha njo wakarudisha. Iko na barua ndani."

Mwanvua alikaa kwenye kizingiti akaanza kufungua kurasa. Barua zilikuwa vipande vya daftari, karatasi za sigara, hata kadi ya kliniki iliyoandikwa upande wa nyuma. *Vita iko wapi?* Ya pili: *Mama, Komanda Amuri umemufanya nini?* Ya tatu ilikuwa ndefu kidogo: *Vitabu vine nilisoma ndani ya shimo, na tochi ya kichwa. Cha tano nilitupa kwenye matope. Kisha nikaokota tena juu ya kuangalia kama kurasa za vita zilichanika.*

Alicheka kwa hiyo ya tatu. Djafari hakucheka.

"Mama, hata miye nilikasirika," alisema, akageuza macho pembeni. "Nilikuwa nangoja ile ngome ivunjwe. Mwaka muzima nangoja."

Wakati huo Mwanvua alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Baba yake aliuza vitambaa Kasongo mjini, na babu yake kabla ya baba, na jamaa walitazamia kwamba binti naye atakaa dukani. Yeye alichukua chumba cha pembeni, akaweka kompyuta, mashine ya kutoa kopi na kipande cha sola juu ya bati. Watu walikuja kuchapiwa barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi, na malalamiko kwa msimamizi wa teritwari, mkubwa wa serikali pale. Alikuwa hodari hasa wa malalamiko. Watu walisema barua ya Mwanvua haisomwi mtu akiwa amekaa.

Mambo ya nyota yalimjia kwa bahati. Daktari mmoja aliyehamishwa alimwachia sanduku la vitabu vya Kifaransa, na ndani yake mlikuwa na riwaya za vita vya huko juu: majeshi yanayosafiri kati ya sayari, meli kubwa kama miji, maaskari wanaolala miaka mia na kuamka wakiwa vijana. Alizisoma zote, kisha akazisoma tena, na mara ya pili akakasirika. Katika mbingu yote ile hapakuwa na mtu hata mmoja aitwaye Amuri. Hapakuwa na mtu aliyesalimia vizuri kabla ya kusema shida yake. Basi akaandika yeye.

*Kikosi cha Zohali* kilianza kama kijitabu chembamba kilichobanwa kwa pini. Kilisimulia watu waliohamia kwenye miezi ya Zohali, ile sayari yenye pete, wakachimba madini na kulima chini ya vioo, mpaka jeshi la mbali likaja kuwanyang'anya. Komanda Amuri, mwenye mkono mmoja wa chuma, aliwaongoza kwa meli iliyoitwa *Lualaba*. Kitabu cha kwanza kilisomwa Kasongo tu. Cha pili kilifika Wamaza. Kufikia cha nne, madereva walikuwa wameandika *Lualaba* kwenye madigadi ya pikipiki zao, na Salamabila watu walibishana juu ya Amuri kama wanavyobishana juu ya timu za mpira. Cha nne kiliishia meli ikiwa mbele ya ngome ya adui, mizinga yote imeelekezwa, na Amuri ameinua mkono wake wa chuma.

Kisha kikaja cha tano, *Maji ya Kufulia*.

Ndani yake hamna ngome. Kuna chumba cha kufulia chini kabisa ya meli, na mwanamke mmoja, Siwema, anayefua sare za kikosi. Vita vinapiganwa juu. Yeye anasikia sakafu ikitetemeka tu. Halafu nguo zinashuka. Kwa nguo anajua ni nani ameumia, nani hatarudi, nani amefanya jambo ambalo hatalisema kwa wenzake. Amuri anapita katika kitabu mara tatu, na mara moja kati ya hizo ni shati tu. Mwishoni Siwema anafunga bomba la maji na kusema hafui tena. Komanda anasimama mlangoni, ameshika nguo zake chafu, na kitabu kinakwisha.

Mwanvua hakumwambia mtu alikoitoa habari hiyo. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja alikimbilia Wamaza na mama yake, na watu wenye silaha wakakaa katika shule ya pale. Walimshika mama yake awafulie. Kwa wiki tatu alikwenda mtoni kila asubuhi na mzigo wa nguo kichwani, na Mwanvua nyuma yake na sabuni. Mama alikuwa akijua habari kabla ya redio. Alikuwa akisimama ndani ya maji, ameshika suruali au kitenge ambacho hakikuwa cha askari, kisha anaendelea kusugua. Vita vilipopita, watu waliulizana nani alipigana, nani alikimbia, nani aliiba. Mama yake hakuulizwa na mtu, mpaka alipofariki.

Wa kwanza kuja kumshauri alikuwa Mwalimu Mahamudu, mstaafu aliyemsomesha shule ya msingi na kumsahihishia maandishi ya vitabu vyote. Alikaa, akanywa chai, akauliza hali ya jamaa mmoja mmoja, ndipo akaanza.

"Mwanangu, ongeza sura moja. Moja tu. Wavunje ile ngome, watu wapumue."

"Mwalimu, kitabu kina makosa?"

"Ya maandishi? Hapana."

"Na Kiswahili chake?"

"Ni kizuri kuliko vyote ulivyoandika." Mzee alitazama kikombe chake. "Ndiyo maana naona uchungu. Watakuacha."

"Waniache basi. Nitawasindikiza mpaka mlangoni."

Katika kundi la simu lililoitwa Wapenzi wa Zohali, ujumbe wa sauti ulimiminika. Mmoja alisema mwandishi amechoka. Mwingine alisema wanawake wakiandika vita lazima waishie kwenye ndoo. Mwanvua aliusikiliza wote akiwa anachapa mialiko, na kwa huyo wa ndoo alijibu kwa maneno matano: "Na wewe unafuliwa na nani?"

Yote hayo aliyavumilia. Lililomwinua kitini lilikuja na Djafari mwezi uliofuata: kijitabu chenye jalada la bluu, kimechapwa kwa kopi hafifu, kimeandikwa *Kikosi cha Zohali: Kitabu cha Tano cha Kweli*. Katika kijitabu hicho ngome ilivunjwa kwa kurasa arobaini, dunia nzima ya adui ikateketea, na Siwema alikuwa jasusi aliyepigwa risasi ukurasa wa pili. Chini kwenye jalada liliandikwa jina la mwandishi: Mwanvua.

"Nani amefanya hii?"

"Ruphin, wa Salamabila. Ni muchimbaji. Ni ule wa barua ya matope."

"Unakwenda lini huko?"

"Kesho kutwa, lakini Mama, njia imeharibika sana..."

"Tafuta kofia ya pili."

Walisafiri siku mbili. Mvua iliwakuta, wakavuka madaraja ya miti kwa miguu, Djafari akisukuma pikipiki na Mwanvua akibeba vitabu kichwani ndani ya plastiki. Walilala Wamaza kwa shangazi ya Djafari. Asubuhi shangazi alitaka kumwonyesha mgeni njia ya mtoni akaoge. Mwanvua alimshukuru, akaomba maji ya ndoo, akaogea nyuma ya nyumba.

Salamabila walimpokea kama mtu maarufu ambaye wana ugomvi naye. Mwenye ukumbi wa video alizima filamu, na kufikia saa tisa mchana mabenchi yalikuwa yamejaa wachimbaji wenye matope mpaka magotini. Mlangoni walisimama wanawake wanaouza mandazi na samaki wakavu, kwa sababu wateja wao wote walikuwa ndani.

Mwanvua alisimama mbele, chini ya skrini. Aliwasalimu, wakaitikia kwa heshima. Kisha mmoja akapiga kelele, "Mama, turudishie Amuri!" na ukumbi ukalipuka.

Alingoja mpaka walipotulia.

"Ruphin ni nani?"

Mwanamume mwembamba wa miaka thelathini hivi alisimama kwenye benchi la katikati. Hakuwa na aibu.

"Ni miye, Mama."

"Umesoma vitabu vyangu?"

"Vyote. Cha kwanza nakijua kwa kichwa." Na akaanza kukisema, sentensi baada ya sentensi, bila kukosea, mpaka watu wakampigia makofi. Mwanvua hakuwa amejiandaa kwa hilo.

"Basi juu ya nini ukafanya hivi?" aliuliza, akiinua kile kijitabu cha bluu.

"Juu ulituacha, Mama. Sisi tuko chini ya udongo kutwa. Tukitoka, tunataka mutu mumoja ashinde. Mumoja tu. Weye ukatuletea nguo chafu. Nguo chafu tuko nazo!"

Wengi waliitikia. Mwanvua aliona kwamba mtu huyu anasema kweli, na bado hakuona sababu ya kurudi nyuma.

"Kaa, nikusomee," alisema.

Akasoma sura ya tatu, ile ambayo Siwema anaokota kwenye rundo nguo ya mtoto, na hakuna mtoto ndani ya meli. Alisoma bila kuigiza. Wengine walipiga miluzi. Watu wa benchi la nyuma walitoka kwa pamoja, wakisukumana. Mmoja alisema kwa sauti kwamba amelipa kuona filamu. Mwanvua hakuinua macho. Nafasi zilizoachwa zilikaliwa polepole na wale wanawake wa mlangoni, wakiwa na mabeseni yao mapajani.

Alipofunga kitabu, mmoja wao, muuza samaki aitwaye Dieudonnée, aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mama, huyu Siwema, alipofunga maji, walimupiga?"

"Bado sijaandika."

"Sisi tulipigwa," alisema Dieudonnée, kama mtu anayetaja saa, akarekebisha beseni lake. "Andika hiyo."

Ruphin alikuwa bado amesimama.

"Kitabu ni kizuri," alisema mwishowe. "Sikatai. Lakini haiko Zohali, Mama."

"Zohali ni yangu," Mwanvua akamjibu. "Nimeijenga kwa mikono hii, na kama nikitaka kuweka ndoo ndani yake, ndoo itakaa. Weye andika yako. Vunja ngome zote unazotaka, uchome mbingu. Lakini jina langu utatoa."

"Nikitoa jina lako, hawatanunua."

"Ndiyo hivyo. Miye pia nilianza bila jina."

Mtu alimpa Ruphin kalamu. Ruphin alikwenda mezani mbele ya wote, akafungua boksi la vijitabu vya bluu alilokuja nalo, na akaanza kufuta jina la Mwanvua kwenye jalada moja baada ya jingine. Kazi hiyo ilichukua muda, na hakuna aliyeondoka. Alipofika cha mwisho aliuliza, "Niandike langu?"

"Kama huoni haya na ulichoandika."

Alifikiri. Akaliandika.

Wasomaji waliomwacha Mwanvua hawakurudi, na Mwalimu Mahamudu alikuwa amesema kweli katika hilo. Kitabu cha bluu kilisomwa mpaka kikachanika, chake kikakaa rafuni. Kundi la simu liligawanyika mawili, na lile lake lilibaki na watu wachache wanaoandika ujumbe mrefu. Aliandika cha sita. Ndani yake Siwema anapigwa, na hafui. Dieudonnée aliagiza nakala kwa ajili ya wanawake wenzake, ambao wengi wao hawakuwa wamesoma cha kwanza wala hawakutaka kukisoma. Mama mmoja Kabambare aliandika kwamba amemsomea mumewe sura ya nne, na mumewe alitoka nje akakaa peke yake hadi chakula kikapoa. Mwanvua alibandika barua hiyo ukutani juu ya kompyuta.

Mwaka uliofuata Djafari alimletea kitabu kipya kutoka Salamabila. Jalada lilikuwa la njano, jina lilikuwa la Ruphin peke yake, na mambo yake hayakuwa ya Zohali. Kilihusu wachimbaji wa mwezi usio na jina, wanaoishi chini ya udongo wake na hawajawahi kuona nyota, na mzee mmoja mcheshi anayewaongoza gizani kwa kuimba. Mwanvua alifunga duka mchana kweupe akasoma. Alimpenda yule mzee tangu ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa hamsini, bila onyo, shimo lilianguka juu yake, na kitabu kikaendelea bila yeye.

Alitupa kitabu juu ya meza. Alizunguka chumbani. Alimpigia simu Djafari kumwuliza kama kuna nakala nyingine yenye mwisho tofauti, naye Djafari akacheka mpaka simu ikakatika.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya mabati, alikaa akamwandikia Ruphin barua, kwa ukali uleule wa malalamiko aliyowachapia watu. Alimwambia kwamba amemkosea, kwamba mzee yule hakustahili, kwamba hakuna msomaji atakayemsamehe, na kwamba yeye binafsi hana hakika kama atasoma cha pili. Aliisoma upya, akaona haina kosa. Kabla ya kuikunja aliongeza mstari mmoja chini ya jina lake:

*Usibadilishe hata neno moja.*