Kumfuata Baba Neema Mlimani Duluth

Sikuwa na hamu ya mlima wowote. Niliondoka nyumbani kwetu Oakdale kwa sababu mume wangu, Baba Neema, alikuwa anaondoka, nami sikuthubutu kumwacha aende bila mimi. Majira ya baridi yaliyopita alipata mshtuko wa moyo akiondoa theluji mbele ya gereji. Mimi ni nesi. Nilijua kilichompata hata kabla sijamfikia pale alipoanguka. Madaktari walimwekea kijibomba kwenye mshipa, na kiangazi kilipoanza wakamruhusu kuendesha tena baiskeli ya milimani, kitu anachokipenda kuliko usingizi.

Jioni zote kabla ya safari alikaa jikoni na ramani kwenye simu. "Asubuhi tutapanda kwa kukanyaga pedali," alinieleza. "Mchana tutapanda na lifti ya viti. Inabeba hata baiskeli. Halafu tunashuka kwa njia za msituni."

Yeye alipanga njia, mimi nikapanga mengine: hospitali iliyo karibu, nani apigiwe simu, na dawa yake ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, chupa moja mfukoni mwake na nyingine mwangu. Binti yetu Neema, ambaye humwongeleshi Kiswahili akakujibu kwa Kiswahili, alinitazama nikifungasha. "Mom, the doctor said yes," akasema. Nilijua daktari amekubali. Ndiyo hiyo iliyonikosesha raha: hakukuwa na wa kumkataza isipokuwa mimi.

Ijumaa asubuhi tulishika barabara ya kaskazini, baiskeli imefungwa nyuma ya gari. Maduka yaliisha, misonobari ikaanza. Kila alipokohoa niligeuka.

"Unaniangalia kama mgonjwa wa wodi," alisema.

"Naangalia barabara."

"Barabara iko mbele, Mama Neema."

Mchana tuliteremka kuingia mji wa Duluth, na ziwa kubwa likatokea lote kwa mara moja, la rangi ya chuma, halina ng'ambo. Mwenyeji wetu alikuwa Bahati, Mkongomani wa Bukavu aliyewahi kuwa mwenzetu kanisani kabla hajahamia huku kikazi. Yeye ndiye aliyemfundisha mume wangu kuendesha kwenye mawe na mizizi. Alitupokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Kuyeni, kuyeni! Mutakula kwanza." Alipoona uso wangu akaongeza, "Mama, hapana kuogopa. Ile mulima iko mupole."

Nilikula sombe, kisamvu cha kwao, na samaki, lakini sikumwamini.

Jumamosi asubuhi wale wanaume wawili walipanda mlima kwa barabara ya changarawe, nami nikabaki chini kwenye benchi, kahawa ikipoa mkononi. Walirudi wamejaa matope, wakicheka. Nilipumua. Nikadhani sehemu mbaya imepita.

Baada ya chakula tuliingia kwenye lifti. Bahati alitangulia. Sisi wawili tulikaa kiti kimoja, baiskeli ikining'inia kwenye kiti cha nyuma yetu. Katikati ya safari lifti ikasimama. Miguu yetu ilielea juu ya vilele vya miti, upepo wa ziwani ukatutikisa. Baba Neema alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa, nami nikadhani jasho lile ni langu.

Lifti ilisogea tena. Kule juu Bahati aliondoka kwanza, mume wangu akamfuata, helmeti zao zikazama msituni. Mimi niligeuka na kushuka kwa kiti, nikichungulia katikati ya matawi. Sikumwona.

Chini nilimkuta Bahati peke yake.

"Yuko wapi?"

"Alikuwa nyuma yangu," alisema, akageuka kutazama njia. Hakucheka.

Nilipiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Nikaanza kupanda ile njia mbio, Bahati akinifuata, chupa ya dawa nimeibana ngumini. Kwenye kona iliyofunikwa na miti yenye magome meupe nilimwona: amekaa juu ya jiwe, baiskeli imelala, helmeti mapajani. Nilimshika kifundo cha mkono kabla sijasema neno.

"Kifua kinauma?"

"Hapana."

"Mkono? Taya?"

"Hapana, Mama Neema." Mapigo yalikwenda haraka lakini sawasawa. Alinitazama. "Naogopa tu."

Bahati alisimama mbali kidogo, akatugeuzia mgongo kwa heshima.

Baba Neema aliniambia pale kwenye jiwe kwamba tangu atoke hospitali hulala akisikiliza moyo wake, na mimi nikigeuka kitandani hujifanya amesinzia. Safari hii aliipanga ili aone kama bado ni yule wa zamani. Ile lifti iliposimama alidhani na moyo nao umesimama.

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa unaogopa tayari. Ningekuongezea?"

Nilikaa kando yake. Baadaye tulishuka kwa miguu, yeye kashika usukani upande huu, mimi upande ule.

Jumapili mchana alijaribu tena, kwenye njia ya wanaoanza. Nilitembea nyuma yake. Alisimama kila kona kunisubiri, na kila kona nilimuuliza anajisikiaje, naye akanijibu kweli: mara vizuri, mara vibaya. Hata jibu la vibaya halikunitisha kama kule kunificha kwake.

Tulirudi Oakdale jioni ile. Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nimeulinda moyo wa mume wangu bila kumuuliza kilichomo. Jumatatu asubuhi tulipiga simu kliniki pamoja, simu ikiwa kwenye spika mezani. Walipouliza tatizo ni nini, nilifungua mdomo kujibu. Kisha nikaufunga, nikamwachia yeye aseme.