Safari Mia Tatu za Kapteni Mahfoudh

Ukipita Mkunazini baada ya Alasiri, ukasikia mtu mzima anaomba ruhusa ya kutua, usishtuke. Huyo ni Mahfoudh. Ana miaka hamsini na mbili, presha, na duka la kutengeneza simu lenye upana wa kitanda cha mtu mmoja. Na ndani ya duka hilo, tokea mwezi wa tatu, pana uwanja wa ndege.

Yote yalianza kwa kutafuta chaja. Zamani hizo, mwaka elfu mbili na moja, duka hilo hilo lilikuwa kafe ya intaneti, watalii wanapanga foleni hadi mlangoni kutuma barua pepe kwa mama zao. Zikaja simu za mkononi, zikaiua kafe, na Mahfoudh, mtu asiyejua kuweka kinyongo, akaanza kuzitibu zile zile zilizomuua. Kompyuta zake akazipeleka darini. Sasa siku hiyo kapanda kutafuta chaja, kakutana na moja yao, ile yenye kioo cha kisogo kirefu, nzito kama jiwe la kusagia, na juu yake sidii moja imekaa inamsubiri. Gemu la kurusha ndege. La mwaka tisini na nane.

Akaipuliza, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaitia. Kompyuta ikakohoa, ikanguruma, ikawaka. Mahfoudh machozi yakamlenga. Watu wana ndugu wamekaa Oman miaka thelathini, siku wanarudi hawapokewi hivyo.

Vijana wa mtaa walikwenda kuangalia wakidhani kuna kitu. Walichokiona ni ndege yenye pembe pembe, utasema imechongwa na fundi wa milango aliyekatizwa kazi. Bahari rangi moja tu, kama ukuta wa hospitali. Na Unguja! Unguja yote ni bapa la kijani. Hakuna mnazi. Forodhani hakuna, Bububu hakuna, Chwaka imemezwa na maji yenyewe na mwani wake. Mji Mkongwe wote umefutwa, na huyu aliyezaliwa ndani yake anashangiria.

"Hebu tazameni uhalisia huo!" anasema.

"Baba Mahfoudh, nyumba yako iko wapi hapo?"

"Ipo. Ila haikuchorwa."

Kuanzia hapo akawa na safari moja tu: Unguja kwenda Pemba. Kila siku Alasiri, mlango wa duka nusu umefungwa, joistiki, ile fimbo ya plastiki ya kuongozea ndege, imekazwa mezani kwa gundi, Mahfoudh anaruka, mara mbili, mara tatu. Akichoka angani anabonyeza herufi P, dunia nzima inasimama, anakwenda kwa Kheir kunywa kahawa. Kheir ndiye muuza kahawa wa baraza ya jirani, na mdomo wake ni moto kuliko dele lake la kahawa.

"Kapteni, ndege umeiacha na nani?"

"Imesimama."

"Angani?"

"Nimebonyeza P."

"Na abiria?"

"Abiria hawana habari, yakhe."

"Leo wanatua wazima, au kama wa jana?"

Maana kutua ndipo palipokuwa na shughuli. Katika siku arubaini za mwanzo Mahfoudh aliigonga Pemba mara thelathini na saba. Kheir alikuwa akiweka alama kwa chaki ukutani, na kila Ijumaa akiwaombea dua marehemu. Lakini mtu hufundishika. Ilipofika mwezi wa saba alikuwa kashakwenda Pemba mara mia tatu na zaidi, na nusu yake katua salama, na barazani haambiwi tena Mahfoudh, ni Kapteni tu. Naye anaitika! "Naam?" Na kifua mbele.

Sasa jambo ambalo baraza nzima ilikuwa ikilijua, na hakuna aliyekuwa akilitia kwenye maskhara, ni hili: Pemba yenyewe Mahfoudh hajakanyaga miaka kumi na saba. Na Pemba ndiko aliko mwanawe wa pekee, Ilham.

Mama yake Ilham, Bi Maisara, walipoachana alirudi kwao Chake na mtoto wa miaka mitatu. Mahfoudh alikwenda kumtazama mara moja, kwa boti, akatapika kutoka bandarini hadi bandarini, akarudi akaapa. Ndege? Ndege hajawahi kupanda hata moja. Akiiona ikipita juu ya Bububu, anakoishi, huinamisha kichwa kidogo, utadhani itamgonga. Kwa hiyo kila mwaka ana neno lake: bahari imechafuka. Idi, bahari imechafuka. Mtoto kamaliza darasa la kumi na mbili, bahari imechafuka. Ungedhani hiyo bahari ina ugomvi naye binafsi. Mambo ya kule akimwachia mdogo wake, Abdulhakim, anayeishi Chake, ndiye aliyempeleka Ilham skuli, ndiye aliyekaa naye hospitali alipougua.

Basi mwezi wa nane Ilham akaposwa, na ndoa ikapangwa Ijumaa baada ya Alasiri, msikitini Chake. Mahfoudh akaahidi. Safari hii nnakuja, wallahi, nimwozeshe mwanangu kwa ulimi wangu. Akashona kanzu. Tiketi ya boti akaikata ya Jumatano.

Jumatano asubuhi upepo ukavuma, boti zikazuiwa hadi itakapotangazwa.

Itakuwa dhambi kusema alifurahi. Lakini alikaa dukani, akashusha pumzi ndefu, akaagiza mandazi mawili. Kisha akapiga simu, na kwa vile ni fundi simu asiye na simu nzima, yake ilikuwa haisemi ila kwa spika. Baraza yote ikasikia.

"Mwanangu, bahari..."

"Imechafuka," akasema Ilham. "Nnajua, baba. Na ndege je?"

"Ndege, mwanangu, unajua presha..."

"Mbona nasikia unakuja Pemba kila siku? Ami Kheir kanitumia video."

Mahfoudh akamgeukia Kheir. Kheir akawa anakagua ndani ya dele.

"Lile gemu tu, mwanangu."

"Nimeliangalia. Unatua Pemba, unabonyeza, unakwenda kunywa kahawa. Hata kwenye gemu, baba, nyumbani hupiti."

Hapo hakuna aliyecheka. Hata Kheir.

"Sikiliza," Ilham akaendelea, sauti imetulia, na kutulia huko ndiko kulikouma. "Kama unataka kumfanya baba mdogo wakili wako aniozeshe, inafaa, kadhi kashasema. Nambie kesho kabla ya Adhuhuri nijue. Sitonuna. Ila mimi kukuuliza utakuja lini, ndiyo basi tena."

Simu ikakatika. Mahfoudh akarudi kwenye kompyuta, akawasha, akaruka. Alipofika juu ya Pemba akazunguka, akazunguka, lile bapa la kijani halina nyumba hata moja. Angepita wapi? Akaizima bila ya kutua.

"Kheir," aliita. "Wewe unajua kukata tiketi za ndege kwa simu?"

"Lete kitambulisho," akasema Kheir, upesi kuliko mtu mwema anavyotakiwa kuwa upesi.

Alhamisi, kabla ya Adhuhuri, akampelekea Ilham ujumbe wa neno moja: nnakuja. Asubuhi ya Ijumaa Mahfoudh yuko uwanjani Kiembesamaki, kanzu mpya, na mfuko wa plastiki wenye halua kilo mbili. Kheir, aliyemsindikiza, alikuwa kashamwambia: "Unapeleka halua Pemba? Wanakopika halua? Chukua na karafuu basi, usije ukaonekana bakhili." Midomo ya Mahfoudh ilikuwa kwenye nyiradi, dua juu ya dua.

Wakampima kwenye mizani yeye na halua yake, kama gunia. Wakamtoa nje. Na ndege ikawa ile: ndogo, pangaboi moja mbele, abiria kumi na wawili. Mahfoudh akaitazama akaona hata ile ya kwenye gemu ilikuwa kubwa.

Pembeni ya ngazi amesimama binti wa miaka ishirini na kitu, shati jeupe, mtandio mweusi, mistari begani. Jina kifuani: Rahila. Anatazama orodha, anamtazama yeye.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba," akajibu Mahfoudh, kwa mazoea ya barazani. Kisha ikamwingia.

Kheir. Kheir mwana wa haramu, kwenye tiketi kaandika Kapteni Mahfoudh.

"Nimeona jina lako, nikasema leo nna bahati," akasema Rahila. "Kiti cha mbele kitupu. Njoo ukae na mimi."

Abiria wengine wakampisha. Bibi mmoja akamwambia mjukuu wake, "Mwamkie kapteni." Kukataa ilikuwa rahisi, neno moja tu, lakini neno hilo lilitaka lisemwe mbele ya watu kumi na mmoja. Mahfoudh hakuwa nalo. Akapanda mbele, akafungwa mkanda, na mbele yake usukani wa kweli.

"Ulikuwa ukirusha aina gani?"

"Ya... injini moja."

"Kama hii! Una saa ngapi?"

Mahfoudh akaangalia mkono wake. "Saa tatu na dakika kumi."

Rahila, aliyeuliza saa alizoruka angani, akacheka, akadhani ni maskhara ya wakubwa. Akawasha.

Jambo moja lile gemu halikumwambia, na miaka ishirini na kitu haikutosha kulitengeneza: kwamba ndege hutetemeka ndani ya matumbo ya mtu. Ilipoacha ardhi, matumbo ya Mahfoudh yalibaki Kiembesamaki. Akakaza miguu.

"Kapteni, miguu itoe kwenye pedeli, tafadhali."

Akaitoa. Chini, Unguja ikafunguka, na haikuwa bapa. Mabati ya Mji Mkongwe, misikiti, barabara ya Bububu na magari yake madogo kama punje, minazi isiyohesabika. Nyumba yake ilikuwepo, na imechorwa. Angeliona hayo yote kama angefumbua macho zaidi ya mara mbili.

Baada ya Tumbatu upepo ukawakamata. Ndege ikashuka kama lifti iliyokatika, ikapanda, ikashuka tena. Nyuma watu wakapiga takbiri. Mbele, kidole cha Mahfoudh kikaanza kubonyeza paja lake. Kinabonyeza, kinabonyeza.

"Kapteni, unafanya nini?"

"Nnabonyeza P."

"P ya nini?"

"Ya kusimamisha."

"Kusimamisha nini?"

"Kila kitu, mwanangu. Kila kitu."

Rahila akamtazama kwa muda ambao Mahfoudh aliona ni mrefu mno kwa mtu anayeendesha ndege. "Mzee wangu," akasema taratibu, "wewe kapteni wa nini?"

"Wa kompyuta," akasema Mahfoudh, na hapo hapo akaufungua mfuko wa halua, na kilichofuata hakisimuliwi kwa watu wanaokula. Itoshe kusema kuwa halua ya Unguja haikufika Pemba.

Rahila hakumsuta. Alimpa maji na kitambaa. "Unakwenda kwenye nini?"

"Kumwozesha mwanangu."

"Basi tazama mbele, usitazame chini. Dakika kumi tu. Hii haina P."

Pemba ikatokea. Milima! Miezi yote hiyo ya kutua kwenye jamvi, kumbe nchi ina vilima na mabonde, mikarafuu, na nguo zimeanikwa. Rahila akaiteremsha kwa utulivu, na ilipogusa chini abiria wakamshukuru Mungu, na yule bibi akasema kwa sauti, "Ahsante, Kapteni," akimtazama Mahfoudh. Sifa ya safari nzima akapewa mtu aliyetapika. Rahila akafungua mkanda wake, na usoni ilionekana kuwa si mara yake ya kwanza kunyang'anywa sifa.

Nje ya uzio Abdulhakim anasubiri na vespa. Akamnusa kaka yake, akamtazama kanzu, akamkumbatia vivyo hivyo.

Kabla ya ndoa walii, yule anayeozesha, huingia kwa mwari kuomba idhini yake. Saa tisa na nusu Mahfoudh, ndani ya kanzu ya kuazima ya Abdulhakim iliyomfika magotini, akabisha hodi chumbani. Ilham amekaa kitandani, kajifunika, mikono imejaa piko na hina.

"Ilham binti Mahfoudh, unanipa idhini nikuozeshe?"

Mwari hunyamaza, ni adabu, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa. Lakini huyu alikuwa na lake.

"Umekuja na nini, baba?"

"Na ndege."

"Ya kweli?"

"Ninuse."

Chini ya mtandio kikasikika kicheko cha puani, kisha kitu kingine kisichokuwa kicheko. "Nimekupa idhini," akasema Ilham.

Mahfoudh akaozesha kwa ulimi wake. Ulimkwama mara mbili, kadhi akamrudisha, akamaliza.

Boti zikaanza Jumapili. Mahfoudh akatuma ujumbe kwenye grupu la mtaa kuwa bahari bado imechafuka, kwa hiyo anakawia. Kheir akajibu kwa picha ya bahari aliyoipiga Forodhani dakika hiyo hiyo, imelala kama maziwa ya sufuria, na stika saba za kucheka. Mahfoudh akazima simu. Kompyuta ya Mkunazini ikakaa wiki nzima haikuwashwa, Kheir, aliyeachiwa ufunguo wa duka, akaanika juu ya kile kisogo mataulo yake ya kufutia vikombe.

Fungate ikaisha, na siku ya nane Ilham akaja kwa baba yake mdogo na sahani ya mkate wa kumimina. Akamtilia Mahfoudh chai, akakaa. Dirishani, bahari ilikuwa buluu moja tu, haina hata mkunjo.

"Baba, bahari vipi?"

Mahfoudh akaitazama. "Imechafuka, mwanangu."

"Eeh," akasema Ilham, akimsogezea sahani. "Mbaya hasa. Basi kunywa chai."