Shehe wa Kwenye Kanda

Kanda ya video ikichezwa mno hutoa harufu ya plastiki iliyopata joto. Mwaka tulipofika Durban kutoka Uvira, harufu hiyo ilijaa chumbani kwetu, mtaa wa Point, kila Jumapili baada ya ibada, ikichanganyika na ya samaki wa kukaanga na ya mafuta ya nywele ya mama, aliyekuwa msusi. Tonton Deo, ndugu yake mama, alikuwa na kanda chache za filamu za Kituruki. Kituruki hakukijua, ila alisimama kando ya televisheni akitutafsiria kwa kukisia, kama walivyofanya watafsiri wa vibanda vya video kwetu. Filamu tuliyoipenda zaidi ilikuwa na shehe wa kijijini aliyewalaghai wagonjwa kwa hirizi, na kijana mwalimu mwenye suti aliyemshinda mwishoni. "Angalieni huyu!" Tonton alipiga kelele. "Mudomo iko kwa Mungu, macho iko kwa kuku!" Tulicheka hadi machozi.

Mwaka huo shule hazikunipokea kwa kukosa karatasi za ukaazi. Aliyenifundisha kusoma ni Maalim Saidi, fundi cherehani wa ghorofa ya chini, Mwislamu wa Buyenzi, Bujumbura. Kila alasiri nilikaa juu ya marobota ya vitambaa, naye akinisomesha huku akishona. Dini yangu hakuigusa hata siku moja. Tulikuwa tumeshafika kwenye sentensi ndefu.

Jumapili moja mdogo wangu alishikwa na homa. Tukingoja gari la kwenda hospitali, mama akamwita Maalim amwombee. Chumba kilikuwa kimejaa watazamaji wa kanda. Maalim alipoinua mikono, nikaiga sauti ya Tonton: "Mudomo iko kwa Mungu, macho iko kwa kuku!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. "Eish, huyu mutoto!" mtu akasema. Mama akanifinya. "Musamehe, Maalim, ni mutoto."

Maalim alimaliza dua kwa sauti ya chini, akatoka. Mdogo wangu alipona. Kesho yake niliposhuka, Maalim aliitikia salamu yangu, akaendelea kushona. Kitabu hakunipa, nami kwa aibu sikukiomba. Kabla mwaka haujaisha akahamia Johannesburg.

Kwa miaka mingi lawama niliitupia tafsiri ya Tonton. Sasa naishi mtaa wa Umbilo, humuhumu Durban, na hutazama filamu za Kituruki zenye tafsiri ya maandishi, daftari mkononi. Katika nyingi nilizoziona za zamani, shehe ni mlaghai au adui wa elimu; katika baadhi ya zile za baadaye, ndiye anayewarudisha waliopotea. Mwaka huu niliipata ile yetu, nikaifuata mstari kwa mstari. Tonton hakukosea. Shehe yule alikuwa mlaghai kweli. Katika filamu, shehe na mwalimu walikuwa maadui. Kwangu mimi walikuwa mtu mmoja, nami nilimjua. Kusoma kulikobaki nilijifunza peke yangu, polepole, kwa makosa ambayo yeye angeyasahihisha papo hapo. Leo nasoma vizuri. Maalim, ikiwa yu hai, hana habari.