Vyanzo Vitatu, Uwanja Mmoja

Kila mwaka, somo la utafiti likifika kwenye vyanzo, naandika maswali manne ubaoni. Nani amesema? Amejuaje? Amesema lini? Nani mwingine amesema hivyo bila kuambiwa na huyu? Wanafunzi wanayanakili kama Amri Kumi. Kisha wanarudi bwenini, wanafungua simu, wanachukua ukurasa wa kwanza unaojitokeza na kuniletea.

Nafundisha chuo hapa Mbinga mjini, na sina subira na uvivu. Mwanafunzi akiniambia jambo linajulikana tu, kwamba lisemwalo lipo, namwambia aende akalale na hilo lisemwalo, kesho aniletee aliyelisema. Najua wananisengenya. Hata mimi ningejisengenya.

Mwaka juzi, Jumanne moja asubuhi, katika wiki ya wanafunzi kuwasilisha tafiti zao, shangazi yangu alinipigia simu kutoka Lituhi. Ni dada pekee wa baba, na nyumba yake na ya baba zinatazamana, uwanja mmoja. Tukasalimiana. Kisha akasema, "Mwanangu, baba yako anaumwa. Njoo."

"Anaumwa nini, shangazi?"

"Anaumwa tu. Wewe njoo."

Wiki iliyotangulia baba alikuwa amenipigia mwenyewe, akilalamikia mbuzi wa jirani walioingia kwenye mihogo yake. Alikuwa na sauti ya mtu mwenye nguvu za kugombana. Kwa hiyo nilifanya ninachofundisha. Nilitoa daftari dogo ninalotumia kwa mahojiano, nikaandika saa na alichosema shangazi. Nikampigia kaka yangu, anayeishi na baba. Anaumwa, akasema, njoo. Nikaandika. Nikampigia katekista wa kigango, kwa kuwa yeye si ndugu yetu. "Mzee anaumwa, mwalimu. Njoo." Nikaandika.

Watu watatu, mmoja wao si wa ukoo, na wote wanakubaliana. Nilifunga daftari. Mtu anayeumwa anaweza kusubiri siku moja. Nikampigia tena kaka, nikamwambia nitapanda gari la kwanza kesho. "Haya," akasema, akakata simu.

Kwetu mtu aliye mbali hapewi habari ya msiba kwenye simu. Utamwambiaje mtu aliye peke yake, na bado ana safari mbele yake? Unamwambia fulani anaumwa, njoo. Akifika na kuona watu wamekaa nje, atajua, na kutakuwa na mikono ya kumshika. Mimi mwenyewe nilishawahi kumwambia hivyo binamu yangu wa Songea mama yake alipofariki. Nilizungumza vizuri sana, sauti haikutetemeka, na baadaye watu walinisifu. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua desturi. Ninachoweza kusema ni kwamba Jumanne ile sikuikumbuka, na hata hilo silithibitishi.

Jumatano sikupanda gari la kwanza. Alikuwa amebaki mwanafunzi mmoja, binti wa Namswea, na nilijiambia kwamba nikiondoka atasubiri hadi muhula ujao. Utafiti wake ulihusu ngolo, yale mashimo ambayo Wamatengo huchimba kwenye miteremko ili mvua isichukue udongo. Alikuwa ameandika kwamba kazi yote ya ngolo hufanywa na wanaume.

"Umewahi kumwona babu yako akichimba ngolo?" nilimuuliza.

"Hapana, mwalimu. Babu anafyeka na kupanga nyasi. Wanaochimba na kufukia ni bibi na mama. Hata mimi nachimba."

"Sasa mbona umeandika hivi?"

"Vyanzo vyote vitatu vimekubaliana, mwalimu."

Nilimwonyesha kurasa tatu alizozichukua mtandaoni, sentensi kwa sentensi. Zilikuwa zilezile, hata mpangilio. "Hawa si mashahidi watatu," nilimwambia. "Ni mmoja aliyebadilisha shati." Darasa likacheka. Nikaendelea kwa zaidi ya saa nzima, na nakiri nilikuwa nafurahia. Simu zetu zote zilikuwa zimezimwa, maana hiyo ndiyo sheria yangu.

Niliondoka saa nne na nusu. Pale Kitai nilibadili gari, na nilipowasha simu nikakuta ujumbe kwamba kaka amenipigia mara sita. Nikampigia, hakupatikana. Baada ya hapo tulikuwa nyuma ya malori ya makaa ya mawe hadi Ngaka, vumbi tupu, kisha tukaanza kuteremka kuelekea ziwani, iliko Lituhi, na mtandao ukapotea. Niliweka simu mfukoni. Sikuwa na wasiwasi. Hata nililala.

Nilifika saa kumi. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba ya baba na ya shangazi, na watu wamekaa chini. Kando ya ukuta kulikuwa na kuni zilizopasuliwa, zimepangwa hadi dirishani. Niliziangalia hizo kuni kabla sijamwangalia mtu. Katika simu zote tatu, nyuma ya sauti ya shangazi, nyuma ya kaka, nyuma ya katekista, kulikuwa na shoka likipasua kuni. Nililisikia. Walikuwa wamekaa kwenye uwanja mmoja, wameshakubaliana la kuniambia, na mgonjwa mmoja hahitaji kuni zote zile.

Kaka alinishika mkono. "Tulikusubiri hadi saa nane," alisema. "Joto la huku unalijua."

Alinipeleka kaburini. Udongo ulikuwa bado na unyevu. Nilingoja kitu kije, machozi au hasira, hakikuja kitu. Nilisoma msalaba. Mwaka wa kuzaliwa wa baba haukuwa ule ulioandikwa kwenye cheti chake cha ubatizo, na jambo pekee lililonijia kichwani lilikuwa kumuuliza kaka wameupata wapi. Nikamuuliza. Aligeuka, akaniacha pale.

Jioni nilikaa na shangazi. Nilikuwa nimesahau hata kumwamkia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Mliniambia anaumwa."

Hakukasirika. Alikuwa amechoka tu. "Tulikwambia njoo," alisema.

Nilirudi Mbinga baada ya siku tatu, nikafundisha. Binti wa Namswea alileta kazi yake upya, akiwa amemhoji bibi yake, na ilikuwa nzuri. Nilimpa alama alizostahili. Watu walinipa pole, nikasema asante. Chakula nilikula, usingizi nilipata, na sijalia hadi leo.

Daftari lile ninalo bado. Ukurasa ni safi, mwandiko wangu wa kawaida, saa zimeandikwa pembeni. Shangazi: anaumwa. Kaka: anaumwa. Katekista: anaumwa. Neno njoo, walilolisema wote watatu, na shangazi mara mbili, sikuliandika popote.