Ufunguo Shingoni mwa Shangazi Noof

"Shangazi, mbona unavaa ufunguo wa mashine shingoni, mkufu huna?" nilimuuliza nikiwa na miaka saba. Shangazi Noof, fundi wa mashine za boti pale kijijini kwetu Qantab, alicheka tu.

Mwezi uliopita tulipanda boti ya kaka yake, ami yangu Badr. Ghafla mashine ikawa inanguruma lakini boti haiendi, na mawimbi yanatusukuma kwenye majabali. Ami akaanza kufungua kifuniko cha mashine.

"Mashine nzima hiyo, huisikii?" Shangazi akamwambia. Akaizima, akachomoa ufunguo, akauvaa, kisha akainua mguu wa mashine kutoka majini. Mshipi wa kuvulia ulikuwa umezongazonga pangaboi linalosukuma boti. Akainama kuukata kwa kisu.

Majabali yakazidi kusogea. Ami akarukia usukani awashe.

"Ufunguo wapi?"

"Ngoja, mwanamme wewe!"

Shangazi alipomaliza, akaushusha mguu majini, akawasha mwenyewe, boti ikachomoka. Wallahi nilitamani Qantab nzima iwepo imwone shangazi yangu!

Akanigeukia. "Uliniuliza zamani. Watu wenye haraka kama ami yako wapo, mwanangu, na mie vidole vyangu kumi nnavitaka vyote."