Meno Mapya ya Kinyozi

Shemeji yangu kinyozi ana masikio mabovu, kwa hiyo injini ya kindege chake cha kuchezea huisikiliza kwa meno. Sitanii. Huifunga kwenye benchi palepale kazini, akaiwasha, kisha akauma kijiti kilichoegemea benchi huku akizungusha sindano ya kabureta, ile inayopima mafuta yanayoingia. Wateja walionyolewa nusu kichwa husubiri.

Basi muuza mafuta akaacha kuleta yale yenye nitro ya kuongeza nguvu, yakabaki ya methanoli na mafuta ya mbegu za nyonyo tu. Mafuta yakibadilika, sindano nayo ibadilike. Yasiyo na nitro hutaka uifunge kidogo. Ukizidisha, injini inashikwa na njaa, inachemka, inazimika hewani. Kidogo ni kiasi gani? Hapo ndipo meno yanapohitajika, na shemeji, kwa balaa lake, alikuwa ndiyo kwanza amewekewa ya bandia.

Meno yale yalitetemeka yenyewe. Injini ikiimba vizuri, yeye alisikia mkwaruzo, akafunga zaidi. Kindege kikaangukia paa la jirani. Safari iliyofuata kikatumbukia kwenye beseni la mashuka meupe ya dada yangu, mkewe, yananuka nyonyo hadi leo.

"Jumapili ndiyo mwisho," dada akasema. "Kikianguka tena, injini naiuza. Na hayo meno nayaunganisha humohumo."

Jumapili tulifika uwanjani shemeji amenywea. Injini ndiyo furaha yake pekee, na kila mtu anajua. Aliwasha injini, akavua meno, akauma kwa ufizi kijiti kilichoegemea kindege. Wapi! Akayarudisha, akauma tena. Machozi yakamlengalenga, nami nilicheka mpaka nikajionea aibu.

"Hebu lete!" dada akafoka. Akamnyang'anya kijiti, akakiuma yeye. Akanyamaza. Sijawahi kumwona dada yangu amenyamaza.

"Baba we," akasema kijiti kikiwa mdomoni, "fungua sindano. Fungua tena. Hapohapo! Usiguse!"

Kindege kikapaa. Kikazunguka uwanja mpaka mafuta yakaisha, kikatua taratibu kwenye majani. Shemeji alirukaruka, akamkumbatia mkewe, akamshukuru kwa kumwachia injini yake. Kisha akanyoosha mkono aombe kijiti.

Dada akakificha nyuma ya mgongo.

"Jaza mafuta kwanza, uwashe," akasema. "Na unyamaze, nataka kusikia."